Siku Kwaya Ilipokwenda Mbarara

Watu wengi wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale walimjua Eugénie kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Jumapili asubuhi, mgeni aliyepita chini ya kile kilima chenye kanisa la mabati angesikia sauti ya mwanamke ikipanda peke yake, ikakaa huko juu kidogo, kisha ikashuka taratibu hadi ikazikuta sauti nyingine zikiingoja. Mgeni huyo angeuliza ni nani, na mtu yeyote aliyekuwa karibu angemjibu, "Ni Mama Natanaeli, muke ya Modeste fundi wa nguo."

Alizaliwa Walungu, Kivu ya Kusini. Alikimbia vita akiwa msichana, ameshikwa mkono na shangazi yake. Shangazi huyo hakutaka kuishi kambini. Alisema amechoka kupangiwa mahali pa kulala. Akampeleka mpaka mjini Mbarara, wakapanga chumba Nyamityobora, wakaanza kufua nguo za familia za askari wa kambi ya jeshi ya Makenke. Hapo ndipo Eugénie alipookota lugha. Kinyankole alikipata sokoni, kwa kubishana na wauza ndizi. Kiswahili cha askari alikipata uani, kwa mke wa sajini mmoja ambaye alikuwa akimwita, "Wewe toto, kuja hapa, leta maji ile ya moto." Kiingereza alikidokoa kwa watoto wa nyumba hiyo, walipokuwa wakikariri masomo yao naye akipiga pasi. Shangazi alipofariki, Eugénie alirudi kwa Wakongo wenzake Nakivale, akaolewa na Modeste, akazaa.

Kwa hiyo alikuwa na Kimashi cha mama yake, Kiswahili cha Kongo, Kiswahili cha askari, Kinyankole, na Kiingereza cha kujikokota. Lakini mtu angemwambia kwamba hicho ni kipaji, angecheka. Kipaji alichokijua ni sauti. Lugha aliziona kama mtu anavyoiona miguu yake mwenyewe: ipo, inatembea, nani atamtolea Mungu wimbo wa shukrani kwa ajili yake?

Jirani yake alikuwa mjane wa Kirundi aliyeitwa Ancilla. Nyumba zao zilitenganishwa na shamba dogo la maharage, na kila mmoja alijua mwenzake anapika nini. Ancilla alikuwa Mkatoliki, na rozari ilikuwa haimtoki shingoni hata akilima. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vya mpira vya kufika magotini, ambavyo alivivaa mvua na jua, na mwenye tabia moja iliyowafanya watu wamcheke na kumhitaji kwa wakati mmoja: hakuweza kusikia kwamba mtu anapelekwa hospitali Mbarara bila kwenda naye.

Hakuna aliyemtuma. Ilianza kwa mke wa jirani mmoja aliyekuwa na uchungu wa kuzaa wakati mumewe hayupo. Ancilla alikwea gari pamoja naye, akakaa hospitalini mpaka mtoto akazaliwa, akarudi. Baadaye akaja mwingine, na mwingine. Kazi yake ilikuwa kukaa. Alipanga foleni mgonjwa akipumzika chini ya mti, alitafuta maji ya kunywa, alishika mkono wa mtu aliyekuwa akidungwa sindano. Wengine walimwita Mama wa Hospitali, nusu kwa heshima, nusu kwa dhihaka. Hakujali. Lakini jambo moja lilimsumbua, na jioni moja alilileta kwa Eugénie, amekaa kwenye kibao mlangoni.

"Mama Natanaeli, mimi nikifika pale nakuwa bubu. Daktari anasema, mimi natikisa kichwa. Mgonjwa ananiangalia, namutikisia kichwa na yeye. Wewe uko na midomo mingi. Niazime mmoja."

Eugénie alicheka, akakubali. Alikwenda naye, na siku hiyo hakuisahau. Kulikuwa na mama mmoja wa Kibembe aliyekuwa amesumbuliwa kwa muda mrefu na ugonjwa wa figo bila kuelewa anaugua nini. Eugénie alipomgeuzia maneno ya daktari katika Kiswahili cha kwao, yule mama alianza kulia. Si kwamba habari zilikuwa mbaya. Alilia kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa habari za mwili wake.

Akaenda tena mara chache. Lakini safari ya Mbarara humla mtu siku nzima. Alfajiri uko barabarani, jioni unarudi na vumbi kichwani, magugu yamepanda shambani na watoto wamekula ugali baridi. Isitoshe, mazoezi ya kwaya yalianguka siku zilezile. Kidogo kidogo Eugénie akaanza kusema, "Leo hapana, mama. Safari nyingine." Ancilla hakumlaumu. Alifunga kilemba, akavaa viatu vyake vya mpira, akaenda na ububu wake.

Mwaka huo kwaya ya Eugénie ilialikwa kwenye kongamano la makanisa mjini Mbarara. Ilikuwa mara ya kwanza kwaya ya wakimbizi kuitwa pale. Mchungaji Sebagabo alitangaza habari hiyo, akasema Bwana amewakumbuka watu waliosahauliwa. Modeste alishona sare za njano, kila jioni, mpaka cherehani ikapata joto. Eugénie mwenyewe alitunga wimbo. Aliutunga akipalilia, akiosha vyombo, akinyonyesha. Ulikuwa wimbo kuhusu Mungu anayewasikia watu wasio na msemaji.

Siku moja kabla ya safari, Ancilla alikuja mlangoni. Hakukaa.

"Jean-Paul anapelekwa kesho," alisema. "Kile kikohozi. Kliniki ya hapa imesema aende Mbarara. Élyse ametoka kuzaa, hawezi kwenda naye. Nasikia gari yenu inaenda huko huko."

Jean-Paul, mume wa Élyse, alikuwa Mrundi kijana, fundi wa kujenga, mtu wa utani. Ukuta wa nyuma wa kanisa la Eugénie aliusimamisha yeye, ingawa hakuwa wa dhehebu lao. Alikuwa akikohoa tangu mavuno yaliyopita, na shati lake lilikuwa limeanza kumning'inia.

"Nafasi kwenye gari itapatikana," Eugénie alisema.

"Na wewe? Ukiimba, ukimaliza, hutaweza kupita pale kidogo?"

Eugénie alikuwa na sindano mkononi, anashikiza kifungo cha sare. Alijibu bila kuinua macho.

"Kesho niko na kazi ya Mungu, mama. Siku ingine tutaenda lote."

"Sawa, mwana wangu," Ancilla alisema. "Kazi ya Mungu isiachwe."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Hakukuwa na kijembe ndani yake, na hilo ndilo lililokuja kumchoma Eugénie baadaye. Kijembe angeweza kukijibu.

Lori liliondoka asubuhi na mapema, limejaa njano. Jean-Paul alikuwa amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa limeshachomoza, na alipokohoa waimbaji walifunika midomo kwa leso. Mmoja wao alimwomba kwa upole asogee nyuma kabisa, kwenye upepo, maana sauti za watu zinahitajika leo. Jean-Paul alisogea. "Mimi fundi," alisema. "Vumbi njo chakula yangu." Watu walicheka, na Ancilla akahamia nyuma akakaa naye. Lori likapita Kabingo, likapita mashamba ya migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu, likaingia mjini, likawashusha wale wawili karibu na hospitali. Eugénie alimwona Ancilla akimshika Jean-Paul kiwiko wanapovuka barabara. Kutoka hapo hadi kwenye ukumbi wa kongamano ni mwendo mfupi wa miguu.

Kwaya yao iliitwa mchana. Ukumbi ulikuwa umejaa, na Eugénie alipofungua kinywa aliona watu wa mbele wakiacha kupepea vijitabu vyao. Alikuwa amefika katikati ya wimbo, pale sauti yake inapobaki peke yake, mlango wa nyuma ulipofunguka. Akamwona Ancilla. Alikuwa amesimama na viatu vyake vya mpira, kikapu mkononi, anatafuta kwa macho. Macho yao yakakutana. Eugénie aliinua kiganja kidogo, kama mtu anayesema ngoja, akaendelea. Ancilla akakaa kwenye benchi la mwisho.

Wimbo ulipokwisha, watu walisimama. Wengine walilia. Askofu mgeni alimshika Eugénie mikono yote miwili. Halafu ikafuata picha, halafu salamu, halafu matoke na mchuzi wa karanga, na mama mmoja wa Mbarara aliyetaka kujua wimbo ule unaweza kurekodiwa wapi. Eugénie alipokuja kukumbuka benchi la mwisho, lilikuwa tupu. Akajiambia kwamba Ancilla alikuja kusikiliza tu, kama wengine.

Jioni waliwakuta wale wawili wakingoja kando ya barabara. Jean-Paul alikuwa na mfuko wa dawa na uso wa mtu aliyetuliwa mzigo.

"Bamesema nini?" Eugénie aliuliza akimpa mkono apande.

"Wamempa dawa," Ancilla alijibu. "Anywe zote."

"Mungu asifiwe."

Hapo bado kulikuwa na nafasi. Angeweza kuuliza swali la pili: dawa za nini, kwa muda gani, arudi lini? Lakini waimbaji walikuwa wameshaanza kumwita aanzishe wimbo, na lori likang'oka, na walikwenda wakiimba njia nzima mpaka kambini. Hata Jean-Paul aliimba.

Dawa zilimfaa. Koti alilivua, mwili ukamrudi, na kikohozi kikapungua hadi watu wakakisahau. Dawa zilipokwisha, yeye aliona na ugonjwa umekwisha. Akapata kazi ya kujenga huko Oruchinga, akaenda, akawa anarudi mara mojamoja kumwona Élyse na watoto. Eugénie alipokutana naye njiani alimwambia, "Umenenepa, fundi," naye akajibu kwamba ni chakula cha Oruchinga.

Aliporudi mara ya mwisho aliletwa na bodaboda, amefungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva asianguke. Kituo cha afya kilifanya kilichoweza. Hakumaliza wiki.

Eugénie aliimba mazikoni. Alimlilia Jean-Paul kama jirani anavyomlilia jirani, bila kujua bado kwamba alikuwa na sababu nyingine. Alasiri, watu wengi walipokuwa wameondoka, alikaa na Ancilla nyuma ya nyumba ya wafiwa, wanachambua maharage ya kupikia waliobaki. Ancilla aliongea polepole, kama mtu anayerudia njia akitafuta alichodondosha.

"Sielewi," alisema. "Dawa alikunywa zote, niliona. Yule muuguzi alijitahidi sana. Daktari alisema kwa lugha yao, mimi nikafuata kidogo, maana Kinyankole na Kirundi vinasikilizana kwa mbali. Halafu muuguzi akatusemea Kiswahili, kile cha kwao."

"Alisema namna gani?"

"Alisema: Dawa hii kunywa yote. Ikiisha, wewe nakuwa mzuri, kwenda kliniki ya kambi." Ancilla akatikisa kichwa. "Jean-Paul alicheka njia nzima. Alisema, hawa watu wa hapa ni wa ajabu. Mtu amekuwa mzima, aende kliniki kutafuta nini?"

Mikono ya Eugénie ilisimama ndani ya ungo. Alikiishi Kiswahili kile. Alikioga na kukipigia pasi miaka ile ya Makenke. Alimsikia mke wa sajini akisema, "Wewe nachoka, maliza kazi," akimaanisha hata kama umechoka, maliza. Lile neno "hata" hawakulitumia. Lilikaa kwenye sauti, na mtu aliyeishi nao alilisikia lilipo. Muuguzi alikuwa amemwambia Jean-Paul: dawa hizi zikiisha, hata kama umekuwa mzima, nenda kliniki ya kambini wakupe nyingine. Jean-Paul alisikia kwamba dawa zikiisha atakuwa mzima.

Hakuna aliyekosea. Muuguzi alisema ukweli kwa Kiswahili alichokuwa nacho, na Jean-Paul aliusikia kwa Kiswahili chake. Palipungua mtu mmoja wa kukaa katikati, naye alikuwa mwendo mfupi kutoka pale, amevaa njano, anakula matoke.

Eugénie aliendelea kuchambua. Hakumwambia Ancilla maneno yale yalimaanisha nini. Alimtazama yule mama na viatu vyake, akaona kwamba akimwambia, Ancilla atakwenda nayo mpaka kaburini. Maana yeye ndiye aliyekuwa pale, yeye ndiye aliyetikisa kichwa. Basi akanyamaza, mzigo akaubeba peke yake. Lakini tangu siku hiyo alishindwa kuuimba ule wimbo wake. Waimbaji walipouomba alisema koo linamuuma.

Alianza kwenda Mbarara. Hakutangaza, siku ya safari ilipofika alikuwa barabarani kabla ya Ancilla. "Safari hii umeamuka mapema," Ancilla alisema, akafurahi, wala hakuuliza. Walikwenda pamoja msimu mzima. Eugénie alikuwa mkali katika kazi hiyo, mkali kuliko wauguzi walivyopenda. Akishamaliza kutafsiri, alimgeukia mgonjwa: "Rudilia, nisikie namna umesikia." Na mgonjwa akirudia kombo, alianza upya. Kulikuwa na muuguzi wa makamo aliyeitwa Nkusi, ambaye alimwambia siku moja, "Wewe mama, iko na maswali mingi sana. Watu wengine nangoja."

"Nisamehe, mzee. Afadhali wangoje."

Alitaka kumuuliza Nkusi kama anamkumbuka fundi mmoja wa Kirundi, mwenye koti zito. Hakuuliza. Ingemsaidia nani?

Mara nyingi, wakiwa kwenye benchi la hospitali, alijiambia kwamba leo atamweleza Ancilla angalau nusu yake: kwamba alimwona pale ukumbini, na kwamba kile kiganja kinamsumbua. Akaahirisha. Alikuwa bado anaahirisha wakati wana wa Ancilla walipoita kutoka Burundi, wakisema nchi imetulia, mama arudi afe kwao. Ancilla alijiandikisha na msafara wa wanaorejea. Asubuhi ya kuondoka Eugénie alimbebea godoro mpaka kwenye basi, akalisukuma chini ya kiti, akasimama. Maneno yalikuwa mengi, na lugha zote alizokuwa nazo hazikumpa mlango wa kuyatolea. Alisema, "Ukifika, utusalimie batu ba kwenu." Ancilla alimkumbatia na rozari ikawachoma wote wawili kifuani.

Miezi ilipita kabla ya simu yake. Mawasiliano yalikuwa mabovu, sauti ikija na kuondoka. Ancilla alisimulia habari za wajukuu na za shamba la zamani lililopata wenyewe wengine. Eugénie alimsikiliza, kisha akaona kwamba asipouliza sasa hatauliza kamwe.

"Mama Ancilla, ile siku ya kwaya. Ulikuja mule ndani kufanya nini?"

"Nilikuja kukuchukua," Ancilla alisema mara moja. "Yule muuguzi alisema atangoja kidogo. Moyo wangu haukutulia, nikaona bora wewe umusikie kwa masikio yako."

"Na mbona hukuniita?"

"Ningekuitaje? Nilikukuta mbele ya Mungu. Umefunga macho, watu wanalia. Nikasema, mimi ni nani nimkatize mtu anayesema na Mungu? Nikakaa nikapumzisha miguu. Ulikuwa wimbo mzuri sana, mwana wangu. Nauimba hapa, ila maneno yamenipotea."

Simu ilikatika hapo. Eugénie alibaki ameishika. Alikuwa ametegemea lawama, au msamaha, na hakupata hata kimoja, alipewa heshima. Ancilla alitembea kutoka hospitali kumfuata, akamwona, akadhani amemkuta mahali patakatifu, na akarudi mikono mitupu kwa kumheshimu. Tena macho ya Eugénie hayakuwa yamefungwa. Yalikuwa wazi, yakimtazama.

Siku chache baadaye alikwenda kwa Élyse. Alimkuta akitwanga muhogo. Akamwambia yote, tangu sindano na kifungo mpaka maneno ya muuguzi na maana yake. Élyse hakuacha kutwanga mpaka alipomaliza. Kisha akaegemeza mchi ukutani.

"Mbona unanipa mimi?" aliuliza. "Nifanye nini nayo? Mimi niko na watoto, niko na shamba. Hiyo ukae nayo wewe."

Akachukua mchi wake. Kwa muda mrefu baada ya hapo walipopishana kisimani waliitikiana salamu tu.

Mchungaji Sebagabo aliposikia habari za safari za Mbarara alitaka kuzifanya huduma ya kanisa, yenye jina na fulana, na alitaka Eugénie asimame mbele ya watu awaeleze jinsi mtu wa kawaida anavyoweza kumtumikia Mungu. Eugénie alikataa. Mchungaji alidhani ni unyenyekevu, akamsifu.

"Si vile, mchungaji," alimwambia. "Nikisimama pale nitawaambia siku niliyokataa kwenda. Hiyo njo ushuhuda niko nayo."

Baadaye mchungaji aliomba yeye mwenyewe aende naye siku moja, akaenda, akashinda amebeba mtoto wa mtu mwingine mapajani. Alirudi mara kadhaa. Wengine wawili wa kwaya nao walianza kumfuata, mmoja akijua Kinyarwanda, mwingine akijua kukaa tu, kama Ancilla. Kwaya ilipata kiongozi mwingine. Eugénie aliimba mstari wa nyuma, siku ambazo hakuchoka, na wako waliosema kwamba tangu Mbarara amekuwa na majivuno.

Kisha yule mtoto wa mwisho wa Jean-Paul, msichana aliyezaliwa siku zile za kongamano, akaanza kukohoa. Kliniki ikaandika aende Mbarara. Élyse alikuja jioni, akasimama mlangoni pasipo kukaa.

"Kesho unaenda?"

"Ninaenda."

"Basi."

Ndani ya taksi walikaa bega kwa bega na mtoto katikati yao. Élyse alitazama dirishani. Hospitalini walipanga foleni tangu asubuhi, na Eugénie alipotaka kumpokea mtoto mama yake apumzike, Élyse alimpa. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alimpima mtoto, akasoma majibu, akaeleza kwamba ni kifua kikuu, bila shaka uleule ugonjwa wa baba yake kama walivyomsimulia, lakini umewahiwa, na kwamba dawa zipo na lazima zimalizwe, miezi yote. Eugénie aligeuza neno kwa neno. Élyse akarudia kila kitu bila kuombwa, na hakukosea popote.

Daktari alikuwa ameshaanza kumwita mwingine, Élyse akasema, "Ngoja. Muulize kitu kimoja."

"Nimuulize nini?"

"Muulize: baba yake, kama angeendelea na dawa, angepona?"

Eugénie alimtazama. Élyse hakukwepesha macho. Basi akamgeukia daktari, akauliza kwa Kinyankole, kwa sauti iliyokuwa yake na haikuwa yake. Daktari aliweka kalamu chini. Alisema hawezi kumsemea mtu ambaye hakumpima. Kisha akasema kwamba wanaomaliza dawa zile, walio wengi wanapona.

Ingekuwa rahisi kuishia kwenye sehemu ya kwanza. Pengine hakuna mtu chumbani ambaye angejua.

"Amesema hawezi kumusemea mutu hakupima," Eugénie alisema. "Na amesema, bale banamaliza dawa, wengi banapona."

"Amesema hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Élyse alimvuta mtoto, akamfunga vizuri mgongoni, akakaza fundo la kitenge kifuani.

"Muulize tena," alisema. "Hii dawa ya mtoto, anakunywa mbele ya kula ao nyuma?"